Mwenyekiti Ameikalia Mashine

Leo nimejianika mchana kweupe, tena sebuleni kwa mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Ngojeni.)

Mnajua nina app ndogo niliyoiandika kwa Ruby, lugha ya programu. Kikundi cha wakulima cha Naitiri kina mashine moja ya kupukuchua mahindi, na app inawatumia wanachama ujumbe: leo mashine iko kwa nani, kesho kwa nani. Mwenyekiti wa kikundi ni babake Nasimiyu, mchumba wangu. Jumamosi hii wazee wangu walikuwa waende kwao kujitambulisha. Kwa hivyo leo nilitakiwa kung'ara.

Nasimiyu naye huandika programu, na ananishinda, ingawa sijawahi kumwambia. Wiki jana tukiwa mtaani Tuwan aliona kwamba kila faili la app lina mipangilio yake, nimenakili tu. Akaniambia niiweke pahali pamoja, kila faili lisome kutoka hapo. Nikamjibu, "App yenyewe ni ndogo, bana." (Ujuaji ni ugonjwa.)

Asubuhi nikafika Naitiri. Sebule imejaa wanachama, chai imemiminwa, mzee amekaa kwa kiti chake. Ni mtu mzito, wa mwili na wa maneno. Kabla ya kuanza kuwaonyesha app, nikasema nijaribu kidogo. Nikafungua faili kuu, nikawasha majaribio. Yakiwashwa, kila ujumbe unakuja kwa simu yangu tu. Maneno ya ujumbe wa majaribio niliyaandika kitambo, nikicheka peke yangu: "Mashine imevunjika. Mwenyekiti ameikalia."

Nikabonyeza.

Simu yangu ikanyamaza. Ya mama aliyekaa karibu nami ikalia. Kisha ya jirani yake. Kisha sebule nzima. Faili la kutuma ujumbe lilikuwa na mipangilio yake lenyewe, na huko majaribio yalikuwa yamezimwa. Nilibadilisha faili moja, nikasahau lingine. Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na laptopu!

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Walisoma, wakamwangalia mzee, wakaangalia kiti.

Halafu simu ya mzee ikalia. Yeye hupokea kwa spika. Aliyepiga alikuwa mwanachama wa Tongaren, na zamu ya mashine leo ilikuwa yake.

"Mwenyekiti, pole sana. Kwani umeumia?"

Mzee akamwambia hajaumia, akakata. Akauliza taratibu ni nani ameandika hayo. Nikakiri. Nikaanza kueleza mambo ya faili, mpaka akainua mkono.

"Kwa hivyo hiyo kitu yako, kila chumba iko na baba yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na Nasimiyu hakukuambia?"

Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nikasema aliniambia. Hakunitetea, na sikustahili.

Mzee akamaliza kikombe chake kwanza. "Basi ile Jumamosi ya wazee wako, wacha kwanza," akasema. "Mashine ikishatengenezwa, tutawaita."

Wenzangu, mashine ni nzima. Nimepita nikaiona kwa macho yangu, inapukuchua vizuri tu. Kama kuna fundi anayeweza kuivunja kidogo halafu aitengeneze kabla ya Jumamosi, aniambie. Lakini asinicheke.