Kuzindua Msitu Uliojiotea

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, wafanyabiashara wa soko la Custom hapa Juba mliofunga maduka kwa hiari baada ya kuamriwa mfunge, waendesha boda boda wote, na wewe Mama Keji, ambaye shamba lako ndilo tumelikanyaga: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mama Keji hapigi.)

Mimi, Matiya Pitia, Kaimu Mkurugenzi wa Misitu ya Majani Mapana kwa mwaka wa kumi na mbili mfululizo, nasimama kwa unyenyekevu mkubwa kuwasomea mafanikio yangu. Mwaka ule wa kwanza tulimwomba mama huyu ang'oe mihogo yake ili ofisi yangu ipande msitu. Leo tazameni nyuma yangu! (Watu wanatazama. Msitu upo kweli.)

Kwa mujibu wa mkakati shirikishi wa kapasiti-bildingi, mimea iligawanywa katika makundi kulingana na kazi yake. Zilitangulia nyasi, ambazo hupenda jua kali na hazichagui udongo. Hao ni vibarua. Vikafuata vichaka vya miiba, yaani idara ya ulinzi, vilivyopunguza mbuzi kwa asilimia tisini na sita. Chini ya kivuli chao ikachipua miti ya majani mapana, mahogani na wenzake, inayovumilia kivuli tangu utotoni, na leo hiyo ndiyo wakurugenzi. Vichaka vilipoona wadogo wamewapita kimo, vilinyauka vikapisha, bila mgomo, bila kudai marupurupu. Ndugu zangu, huo ndio utumishi wa umma!

(Lubega, muuza vipuri, kutoka nyuma: "Na wewe mkubwa, utanyauka lini?" Kicheko kirefu.)

Swali zuri sana, litajibiwa kwa maandishi.

(Chan, mkalimani wake, anayatafsiri yote hayo kwa Kiarabu cha Juba: "Anasema majani yameota.")

(Mama Keji anasimama: "Mwanangu, nani alipanda?")

Mama yangu mpendwa, suala la nani alipanda ni la kitaalamu. Miche iliagizwa. Kwamba haikufika, hilo ni suala la barabara. Hata hivyo, mbegu zilisambazwa kwa ufanisi na wadau wetu wenye mabawa, hususan popo.

(Chan: "Anasema popo.")

(Mama Keji: "Popo hakunifukuza. Nirudishie shamba langu.")

Utarudishiwa, mama, mara tu mradi utakapokwisha! Ila kwa taratibu zetu mradi hauwezi kwisha kabla ya kuanza, nao, nasema haya mbele za Mungu, umefikia hatua za mwisho za kuanza.

Msitu hoyee! (Hoyee!) Majani mapana hoyee! (Hoyee!) Kaimu Mkurugenzi hoyee! (Anaitikia mbuzi mmoja tu.)

Nifunge kwa kuwashukuru popo, mvua, na hasa Mama Keji, aliyeitoa ardhi yake kwa mradi ambao, endapo ungekuwepo, ungekuwa wa kwanza wa aina yake katika ukanda huu. Chan, watafsirie vizuri.

(Chan anakohoa: "Anasema mradi mafi, hakuna kabisa. Mama Keji, ingia shambani kwako." Mama Keji anapiga makofi kwa mara ya kwanza, anakunja kitenge, anaingia kivulini. Soko zima linamfuata. Kaimu Mkurugenzi anabaki peke yake juani.)