Mkaratusi Wenye Cheo

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba jeshi letu sasa linalinda mazingira kwa mujibu wa sera, kanuni na saluti. Mimi ndiye Afisa Mazingira wa kambi. Wazo lilikuwa langu, na sioni haya kusema lilikuwa zuri mno.

Sera iliagiza tupande miti, tukapanda. Askari wakaanika soksi juu yake, wakavunja matawi ya kuchemshia chai, na wengine, Mungu awasamehe, wakaifanyia haja ndogo mchana kweupe. Askari haheshimu kitu kisicho na cheo. Basi nikaipa miti vyeo. Mche ni kuruta. Ukifika kiunoni, koplo. Ukipita dirisha, kapteni. Ukipita paa, umeingia kwa majenerali. Kila mti nikaupachika kibao cha bati. Wallahi, kesho yake hapakuwa na soksi hata moja, na watu walipiga saluti mpaka wakachelewa kazini.

Brigedia, mkuu wetu wa kambi, akatia saini amri: ni marufuku mwenye cheo cha chini kumgusa wa cheo cha juu. Kisha akapanda mkaratusi wake nyuma ya nyumba, ubavuni mwa choo.

Nani asiyeujua mkaratusi? Ulikunywa maji, ukarefuka kama unafukuzwa, mizizi ikajipenyeza bombani. Siku Mkuu wa Majeshi alipotarajiwa kuja kukagua utekelezaji wa sera na kulala nyumba ile ile ya Brigedia, mke wa Brigedia alitoka mbio na ndoo.

"Baba watoto, choo kinatapika! Mgeni atajisaidia wapi? Tutauficha wapi uso?"

Brigedia akamwita koplo mwenye shoka. "Kata!"

Koplo akasoma kibao, akagonga visigino. "Siwezi, afande. Huyu ni Meja Jenerali."

"Nimempanda mimi!"

"Hata wewe afande kuna mkunga aliyekupokea, lakini hakupi amri."

Brigedia akanigeukia. "Mshushe cheo!"

Nilimweleza kwa unyenyekevu kwamba kumshusha jenerali kunahitaji mahakama ya kijeshi, na huyu hajawahi kutoroka zamu. Akanyakua shoka mwenyewe. Hapo hapo msafara wa Mkuu wa Majeshi ukaingia.

Mkuu alimkuta Brigedia kamwinulia shoka mkubwa wake. Akaisoma amri niliyomkabidhi, akauzunguka mti.

"Huyu ameomba nini mwaka huu? Gari? Safari ya ng'ambo?"

"Hajaomba kitu, afande," nikasema.

"Kazini je, analala?"

"Anakesha wima."

Machozi yakamlenga mzee wa watu. Akaamuru pale pale: Meja Jenerali ashike ukuu wa kambi, Brigedia awe msaidizi wake. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nyumba ni ya mkuu wa kambi, kwa hiyo Brigedia na mkewe wakahamishiwa chumba jirani na makoplo. Mama akapiga vigelegele: huko choo kinafanya kazi.

Sasa kila asubuhi Brigedia anasimama mbele ya mkaratusi, anapiga saluti, anatoa ripoti. Juzi aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mjukuu. Mkuu wa kambi hajajibu bado, na mimi ni nani nimharakishe mkubwa?