Wapelelezi wa Mbita

Cephas aliwakuta wanawake wa Mbita wameacha omena, dagaa wao, juani, wanajirekodi kwa simu wakicheza. Papo hapo akajua riziki imemwita kwa jina. Akarudi kwao Migori, akaja tena na miwani myeusi na masanduku kumi na mawili yenye taa nyekundu za betri.

"Kuna kitabu cha zamani, kinajulikana dunia nzima," akatangaza. "Serikali inachungulia watu mpaka chumbani. Tunakigeuza filamu hapa hapa! Kamera ni hizi. Kila nyumba mbuzi moja ya usajili."

"Na sisi tutafanya nini?" akauliza Benta, mwenyekiti wa kikundi chao.

"Muishi tu. Wewe mama ni mkuu wa wapelelezi. Msaliti akitoroka, unamkamata mpaka akiri."

Maskini Cephas. Alidhani amegawa cheo cha bure.

Kwa siku nne Mbita ilitulia ajabu. Mbele ya masanduku, walevi waliingia nyumbani mapema na waume wakaosha sufuria. Mzee Ochieng aliuelekea ukuta wenye sanduku akaomba dua ndefu, akihakikisha kamera inapata upande wake mzuri. Serikali halisi haijawahi kutiiwa hivyo.

Siku ya tano kulikuwa na mazishi Rusinga. Kwa kuwa mtu wa huku hakosi mazishi, Cephas alipakia mbuzi kwenye pikapu bila wasiwasi. Kabla hajaiwasha, wanawake kumi na wawili walikuwa wameizingira, leso zimekazwa viunoni.

"Filamu imeisha!" akapaza sauti.

"Msaliti ndiyo husema hivyo," Benta akajibu, simu juu. "Kiri."

"Mama, hakuna filamu! Masanduku ni tupu! Mimi ni tapeli, nilikuwa naenda kuuza mbuzi zenu!"

Wakampigia makofi. Benta hakuridhika.

"Rudia, omera, ndugu yangu. Sema jina yote na namba ya kitambulisho. Na machozi sijaona."

Mara ya tatu alilia kweli, kwa hofu ya jela. Mbuzi wakashushwa.

"Kwani mlijua?"

"Mimi nilifungua sanduku siku ya kwanza. Lakini mzee wangu alikuwa ashaanza kuosha sufuria. Ningekwambia nini?"

"Basi niende?"

"Nenda. Masanduku yanabaki, na hii video nakaa nayo." Benta akaitia simu kifuani. "Kila Jumamosi, wanaume wakienda kutazama mpira, unakuja kubadilisha betri."