Uso Mpya wa Sultana

Jumatatu, 6 Julai

Siku mbaya. Nilikuwa naosha vyombo vya asubuhi (sahani moja, kikombe kimoja, haichukui muda) simu ikaanza kulia mfululizo kana kwamba kuna msiba. Na ulikuwepo. Kiwanda cha magari kimetoa picha za Sultana mpya. Wameibadilisha uso!

Nilikaa chini kwanza. Zile taa mbili za mviringo, ambazo sisi wapenzi tunaziita macho ya Bibie, hazipo. Badala yake kuna vijitaa vyembamba vinavyokutazama kwa dharau. Grili imetanuka kutoka huku hadi kule. Gari zima limeachama utadhani limekalia kiti cha daktari wa meno. Na taji! Lile taji dogo la chuma juu ya boneti, ambalo nimelisugua kila Jumamosi tangu mke wangu akiwa hai, wameling'oa. Wamebandika alama bapa ya plastiki.

Kikundi cha simu cha chama chetu cha wenye Sultana kiliwaka moto. Rubani mstaafu aliandika kwamba amelia. Mama Saruji, anayeuza vifaa vya ujenzi na ambaye Sultana yake imebeba mifuko mingi kuliko abiria, aliuliza kama buti limeongezwa. Mwalimu Mkuu alituma aya tatu juu ya kuporomoka kwa maadili. Mwenyekiti alituomba tutulie. Kisha Daktari wa Meno, ambaye ni daktari wa meno kweli, akaandika kwamba yeye ameipenda, na kwamba yake inafika keshokutwa.

Ameshanunua! Mimi ni katibu wa chama na sikuambiwa!

Baadaye nikatulia nikaona mwanga. Mwenyekiti anang'atuka Jumamosi hii. Wanaotajwa ni wawili, Daktari na mimi. Daktari ana sauti nzuri, ana meno mazuri, na hukumbuka wajukuu wa kila mtu. Mimi nina gari tu. Lakini gari langu lina kila kitu lilichotoka nacho kiwandani, na yeye sasa amejichongea mwenyewe. Nilikunywa chai ya pili.

Jumanne, 7 Julai

Niliamka na mpango. Sheria mpya ya chama: gari lenye uso mpya lisiegeshwe kwenye mstari wetu wa Jumamosi uwanjani, na mwenye nalo asigombee wala kupiga kura. Daktari atabaki nje na meno yake.

Nilianza kwa Rubani. Alilia tena. Akasema ataunga mkono chochote, kisha akanieleza habari za magoti yake, la kushoto kwanza, halafu la kulia. Mwalimu Mkuu alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesahihisha lugha.

Mama Saruji nilimkuta dukani, wateja wamemzonga. Akasema uso wa gari ni wa yule aliyesimama nje, yeye hukaa ndani. Nikamwambia hilo ndilo tatizo la kizazi hiki. Akanikumbusha kwamba ananizidi umri. Akasema atafikiria, ila kwanza nimsaidie kupakia mifuko, kijana wake hajaja kazini. Nikajikaza. Sasa mgongo umekufa ganzi upande mmoja, na bado anafikiria.

Niandike ukweli hapa, maana hapasomwi na mtu. Jumamosi ndiyo siku pekee ninayoongea na watu. Siku nyingine naongea na redio. Mwenyekiti hupigiwa simu katikati ya wiki, huulizwa mambo, hutembelewa. Nautaka uenyekiti kwa sababu nyumba yangu ni kimya mno.

Jumatano, 8 Julai

Imefika. Daktari alitualika sote uani kwa kliniki yake. Njiani tulikula kiapo kwamba hakuna atakayeigusa.

Rubani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Mwalimu Mkuu alipapasa dashibodi kama anayepima kitambaa, akauliza kama gari linaweza kumsomea magazeti. Lilisoma! Akasahau maadili papo hapo. Mama Saruji alifungua buti, akatia kichwa ndani, akatoa kichwa, akasema dogo.

Mimi nilisimama pembeni, mikono kifuani. Daktari akanijia. Akaniita kaka, akasema naonekana mgongo unanisumbua, niketi kidogo. Nikaketi. Kwa uchunguzi tu! Akabonyeza kitufe na kile kiti kikaanza kunikanda. Taratibu, kutoka kiunoni kupanda juu, kikituama pale pale panapouma.

Hakuna aliyenigusa mgongo tangu mke wangu afariki. Sikujua kwamba nilikuwa nakumbuka kuguswa. Nilifumba macho. Nilipofumbua, wenzangu wote walikuwa wameshaingia ndani kunywa chai, na Daktari alikuwa amesimama kando ya mlango, ananingoja, wala hanihimizi. Nikamwambia kiti ni laini mno, kitaharibu watu. Akasema huenda.

Namchukia kuliko jana.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Kwenye chai alijisifu kwamba gari lake likiona kitu mbele linafunga breki lenyewe. Lolote lile? Lolote lile, akasema. Nikaomba sukari zaidi nipate muda wa kufikiri.

Alhamisi, 9 Julai

Mpango wa leo ulikuwa safi kabisa. Tulikuwa na mazoezi ya msafara wa Jumamosi, na kazi ya kupanga magari ni ya katibu. Nikamweka Daktari mbele. Kwenye kona ya maktaba nilikuwa nimeshatega boksi tupu katikati ya njia. Gari la kifahari litakwama mbele ya karatasi! Litakuwa kichekesho, na hakuna anayempigia kura kichekesho. Mimi nilijipanga nyuma yake kabisa ili nisipitwe na chochote.

Breki zilifunga. Vizuri sana, sina la kulaumu. Mimi nilikuwa nalitazama boksi.

Bibie wangu hafungi breki mwenyewe.

Rubani anasema ulikuwa mshindo wa kabati kuanguka. Gari la Daktari lilipata mchubuko kwenye bampa, wa kufuta kwa kidole. Langu! Macho yote mawili yamepasuka, grili imeingia ndani, rejeta inatiririka. Taji lilibingiria barabarani. Mama Saruji aliliokota, akalifuta kwa khanga, akaliweka kiganjani mwangu. Nikageuka nikajitia kutafuta leso.

Daktari aliniuliza mara kadhaa kama nimeumia. Alinishika kidevu akanitazama meno yote, mbele za watu. Kisha akakasirika, mara ya kwanza kumwona amekasirika, akasema hawa wanaotupa maboksi barabarani watakuja kuua mtu, na kwamba ataenda kushtaki. Boksi lilikuwa la redio yangu. Jina langu limeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu. Nililikunja nikalikalia hadi gereji, ndani ya gari la kuvuta.

Ijumaa, 10 Julai

Fundi wa bodi alizunguka gari, akaguna, akazunguka tena. Akasema taa za mviringo siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Ila nisiwe na wasiwasi, mzee wangu, kesho asubuhi litameremeta. Nikamwambia alifanye lipendeze na asinipigie simu kabisa, nina kikao kizito. Akasema ameelewa.

Kikao kilikuwa alasiri, barazani kwa Mwenyekiti. Nilisoma sheria yangu nikiwa nimesimama. Daktari akainua mkono. Kwa upole wake ule ule akauliza kama si afadhali tutazame mwaka wa gari, au injini, kuliko uso peke yake, maana mtu anaweza kunaswa bila kosa lake.

Nilijua ananitafutia mwanya wa kupenya. Nikasema uso ni uso! Hakuna mwaka, hakuna injini, hakuna huruma! Nikataka yaongezwe maneno "kwa sababu yoyote ile". Mwenyekiti aliuliza kama tusiache nafasi ya rufaa. Nikasema rufaa ni udhaifu. Mwalimu Mkuu akaweka mkato mmoja na sheria ikapita. Mama Saruji hakuinua mkono upande wowote. Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Daktari alisema haya, sheria ni sheria, kesho ataegesha nje ya geti, lakini chai ataleta kama kawaida. Wakamshukuru!

Nimeshinda. Nilipita dukani nikanunua mkate, nikaula nimesimama jikoni. Nilitamani kumwambia mtu.

Jumamosi, 11 Julai

Lazima niandike.

Fundi alikuwa amelifunika gari kwa turubai. Aliniita nisogee, akanitaka nihesabu hadi tatu, akalivuta.

Uso mpya! Vijitaa vyembamba. Grili iliyoachama. Plastiki! Bibie wangu ananitazama kwa dharau!

Fundi alikuwa anatabasamu hadi magego. Akasema kila mwenye macho ya mviringo analeta gari lake libadilishwe, wanapanga foleni, na kwamba hivi vifaa vilikuwa vya mteja mwingine ila kanipa mimi kwa heshima ya mvi zangu. Alitaka kunipigia simu kuniuliza. Ila nilimkataza. Nikauliza vya zamani viko wapi. Vimeshachukuliwa na watu wa vyuma chakavu.

Nisingefika, nisingegombea. Kwa hiyo niliendesha kwa vichochoro, na kwenye kona ya mwisho nikageuza, nikaingia rivasi. Getini rivasi. Uwanjani rivasi. Rubani aliniona nahangaika akaanza kuniongoza kwa mikono yote miwili, kama ndege inayotua. Nikaliingiza kwenye mstari kinyume na wenzangu, pua imegusa ukuta, makalio kwa hadhira. Shingo haigeuki hadi sasa.

Nikawaambia mwaka huu tunalienzi buti. Mama Saruji alisema wazo si baya. Mwenyekiti alikuna kichwa akaendelea na hotuba. Nilikuwa karibu kabisa kuitwa jukwaani!

Kisha mpiga picha akataka nyuso zote zitazame upande mmoja. Nikasema gia imekwama. Rubani, kwa wema tu, akasema basi tusukume. Nikawaomba wasijichoshe. Wakaja wote. Kwa kweli Mama Saruji alitosha peke yake. Bibie akageuka polepole akawatazama.

Rubani akaanza kulia.

Mwenyekiti alisoma sheria yangu kwa sauti. Aliposoma "kwa sababu yoyote ile" alipunguza sauti, naona aliona aibu kwa niaba yangu. Nikaomba huruma. Mwalimu Mkuu akasema huruma ilifutwa jana, kwa ombi la katibu. Nikaomba rufaa. Akatikisa kichwa tu.

Nikatoka. Safari hii mbele kwa mbele.

Nje ya geti Daktari alikuwa ameegesha ukutani peke yake. Aliponiona akasogeza gari lake kunipa kivuli. Alitazama uso wa Bibie, akatazama uso wangu, akanimiminia chai. Ndani tulisikia makofi. Wamemchagua Mama Saruji, ambaye hata hakugombea! Wakacheka kwa jambo fulani, wote pamoja, na nilijua vicheko vyote ni vya nani hata bila kuwaona. Hapo moyo ukaniuma sana.

Daktari akafungua mlango wa abiria akabonyeza kile kitufe. Nikaketi. Machozi yakatoka, nikamwambia ni vumbi. Akapandisha kioo ili vumbi lisiingie.

Jumapili, 12 Julai

Binti yangu alipiga simu kutoka kule anakofanya kazi. Akauliza kama kawaida yake, Baba leo unakula na nani. Nikamwambia Daktari anakuja. Akasema amefurahi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamwambia wali utaungua, nikakata.

Daktari alikuja na mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na keekee yake ya kutobolea meno. Akaomba lile taji. Nilikuwa nalo mfukoni tangu Alhamisi. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti juu ya boneti, taa kwenye paji la uso, akanong'ona kumwambia Bibie afungue mdomo zaidi. Nilicheka! Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka humu uani. Taji limesimama imara. Uso bado ni mbaya, lakini sasa ni wangu.

Tulikula. Akasema tuanzishe chama chetu, cha nyuso mpya, tukutane Jumamosi hapa hapa kwangu. Wanachama wawili wanatosha kuanzia. Nikauliza nani atakuwa mwenyekiti. Akasema watu wawili hawahitaji mwenyekiti.

Hapo nikashtuka. Mtu hasemi hivyo bure. Anasema hivyo anayetaka ajiteue kimyakimya! Ndiyo maana ya chai, ndiyo maana ya kile kiti, ndiyo maana ya keekee. Nilimsindikiza hadi getini nikitabasamu ili asishtuke. Gari lake lilipogeuka, jua liliangaza boneti yake. Bapa. Tupu.

Nimeosha sahani mbili na vikombe viwili. Sasa naandika sheria ya kwanza ya chama kipya: gari lisilo na taji la chuma juu ya boneti lisiegeshwe uani kwangu, na mwenye nalo asigombee wala kupiga kura.

Nimeongeza: kwa sababu yoyote ile.