Joto Kidogo kwa Ajili ya Zumari

Jumatatu, 17 Novemba

Mechelen. Mvua ile ile. Mimi, Gommaar Scheltens, mpiga zumari bora kuliko wote kati ya hapa na bahari (tuko wawili, na yule mwenzangu ameng'oka meno), leo nimedhalilishwa mbele ya watu.

Reinhilde, kiongozi wa kikundi chetu cha muziki wa kale, katusomea mpangilio wa tamasha la Jumamosi. Ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki wote. Wote, nasisitiza! Kufungua: gambusi la Casper. Katikati: gambusi la Casper. Waimbaji, kinanda, waimbaji, gambusi tena. Zumari je? Mwisho kabisa, wimbo mmoja, "muda ukibaki".

Muda ukibaki! Nyimbo zenyewe zimengoja miaka mia tano, leo ndiyo tuna haraka?

Na Jumamosi si siku ya mchezo. Anakuja Bi Heylen, yule anayechagua vikundi vya tamasha kubwa la masika kule Ostend. Hachukui ila alichokisikia kwa masikio yake. Asiposikia zumari, wenzangu watakwenda Ostend kupiga muziki, mimi nitakwenda kama dereva. Gari ni langu. Hilo hawalisahau kamwe.

Mke wangu Lutgard, anayeimba sauti ya pili, kaniambia nisinune, hata dereva ni mtu. Nimenuna.

Jumanne, 18 Novemba

Mpango wa kwanza: wema. Nimemwalika Casper tule kome na chipsi. Huyu Casper ni kijana mrefu, mwembamba kama mshumaa, kasoma muziki wa kale Basel, na hiyo Basel haimtoki mdomoni. Nikamwomba kwa upole aniachie nafasi ya kufungua. Akamaliza sufuria yake, akamaliza na yangu, ndipo akajibu. Mzee, akasema, tangu zamani kuna vyombo vya ndani na vyombo vya nje. Gambusi ni la ndani. Zumari ni ya juu ya mnara, kutangaza moto na maadui. Nani aliingiza king'ora cha zimamoto chumbani kwa bibi harusi?

Meza ya jirani ikacheka. Nikacheka na mimi, maana mzaha ulikuwa mzuri, mtoto ana kipaji. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nimetukanwa.

Wema umeshindwa. Sasa akili.

Jumatano, 19 Novemba

Mazoezi kanisani kwa Mtakatifu Amelberga. Baridi ya kuua nzi. Waimbaji wamebanana mbele ya kile kitabu kimoja kikubwa kama mlango wa kabati, maana Reinhilde hataki kila mtu na karatasi yake. Anasema zamani waliimba hivyo, kichwa kwa kichwa, na walisikilizana. Lutgard yuko katikati, kapasha miguu kwa soksi zangu.

Kisha nikaona kitu! Mzee Fons, mtunza kanisa, alileta jiko dogo la umeme achemshe kahawa, akaliweka karibu na Casper. Dakika chache tu, gambusi likaanza kulia ovyo. Nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo, kama zamani, na utumbo ukipata joto unalegea. Casper akakaza. Zikalegea. Akakaza. Akamwomba Fons, karibu kwa machozi, aondoe jiko lile.

Na kinanda cha Reinhilde? Nikauliza kama mtu asiye na nia yoyote. Reinhilde akanijibu kwamba mabomba ya kinanda, yale yanayopulizwa hewa, yakipata joto, sauti inapanda.

Kimoja kinashuka, kingine kinapanda! Kanisa likiwa na joto, hivyo viwili haviwezi kupigwa pamoja hata viombewe. Na nani atabaki kuokoa tamasha? Sikulala vizuri kwa furaha. Lutgard kauliza nacheka nini. Nikamwambia nimeota.

Alhamisi, 20 Novemba

Swichi ya mtambo wa joto iko sakristia, nyuma ya kanzu za mapadre. Ufunguo anao Fons. Fons ana udhaifu mmoja: njiwa wake wa mashindano.

Nimesimama kwenye banda lake mchana kutwa. Nimesifu mabawa. Nimesifu macho. Nimebusu njiwa mmoja, mdomoni, kwa hiari yangu. Mzee wa watu kalegea kabisa, akanisimulia ushindi wote tangu ujana wake, na mwisho kanikabidhi ufunguo ili Ijumaa niingize vyombo mwenyewe, yeye akae na njiwa aliyevunjika mguu.

Lakini kaniapisha. Nisiguse mtambo wa joto! Huwashwa Jumapili tu, kidogo, saa moja. Sanamu ya Mtakatifu Amelberga, ile iliyosimama juu ya samaki, ni mti wa kale, na mti wa kale ukikauka ghafla unapasuka. Fons kasema samaki ana ufa tayari, tangu padre mmoja mwenye mafua alipowasha bila ruhusa, na kwamba ufa wa pili utamfukuzisha kazi.

Nimeapa. Lakini vidole vya mkono wa kushoto nilivipishanisha mfukoni, ishara ya kutengua kiapo. Hiyo inahesabika.

Ijumaa, 21 Novemba

Imefanyika. Nimewasha alasiri, mpaka alama ya mwisho. 

Sikuwa mjinga. Nilimfikiria samaki. Nimemzungushia blanketi la gari, lenye maji, na Mtakatifu Amelberga mwenyewe nimemvika koti langu la mvua. Mimi ni mtu wa huruma.

Zumari yangu nimeiacha huko huko, iwe tayari kwa wito. Sikuiacha kanisani kwenye vumbi na majimaji. Nimeilaza sakristia, juu ya kabati la chuma lililoanza kuvuma nilipowasha, mahali pakavu kuliko pote. Imechongwa kwa mti wa mpeasi, umri wake unanizidi mimi, inastahili kitanda kizuri.

 Lutgard kaniuliza koti langu liko wapi. Nimesema nimempa maskini. Kanibusu! Nimejisikia vibaya, kisha vizuri.

Jumamosi, 22 Novemba. Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia

Naandika ndani ya gari, nje ya kanisa. Wenzangu wako ndani na shampeni. Acha nieleze kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Tulifungua mlango saa tisa. Joto likatupiga usoni kama tanuri la mikate. Reinhilde akashika shavu. Fons hakuwapo, bado yuko na mguu wa njiwa, na swichi hakuna aliyejua iliko ila mimi. Nikakimbia kabla ya wote, nikavua blanketi na koti. Amelberga mzima. Samaki mzima! Nikaona Mungu yuko upande wangu.

Saa kumi watu wamejaa. Wanavua makoti, wanavua sweta. Bi Heylen, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, kakaa safu ya mbele, anajipepea kwa karatasi ya mpangilio. Casper kaingia, kainama, kagusa uzi. Mlio kama wa paka mgonjwa. Akakaza. Akagusa. Akakaza. Watu wakakohoa kwa adabu. Reinhilde akampa sauti kutoka kwenye kinanda, na kinanda kilikuwa kimepanda juu huko, haviwezi kukutana hata kwa ngazi. Akakaza zaidi, jasho linamdondoka puani. Bi Heylen akatazama saa.

Ta! Uzi ukakatika, ukamchapa shavuni. Damu.

Sikufurahi. Naandika ukweli. Nilikuwa nimepanga aaibike, sikupanga atoke damu. Nikampelekea leso yangu. Akaniambia asante, mzee, kwa sauti ya mtoto.

Na hapo, hapo hapo, Reinhilde akanigeukia. Uso wake mweupe. Akanong'ona: "Gommaar. Zumari. Sasa hivi. Tuokoe."

Tuokoe! Nimengoja neno hilo maisha yangu yote. Nikaenda sakristia kwa mwendo wa askofu. Nikachukua zumari, moto kama mkate, sikuitazama hata. Nikatoka, nikasimama mbele ya Bi Heylen, nikavuta pumzi ya kufika Ostend, nikapuliza.

Bata. Bata mwenye mafua, amekanyagwa.

Nikapuliza tena. Upepo ukatoka ubavuni mwa zumari, ukainua nywele za Reinhilde. Ndipo nikatazama. Ufa! Kutoka shingoni mpaka kwenye bakuli la chini, pale sauti inapotokea, nafasi ya kupitisha sarafu. Mtoto mmoja akacheka, kisha mama yake, kisha kanisa lote. Bi Heylen akafunga pochi yake na kusimama.

 Ndipo Lutgard akaanza kuimba. Peke yake, wimbo wa kwanza wa waimbaji, bila kinanda, bila ishara ya mtu. Reinhilde akaacha kinanda, akasogea kwenye kitabu kikubwa. Wengine wakabanana. Casper akaweka gambusi chini, akajipenyeza na leso yangu shavuni, na kumbe kijana ana sauti nzito ya chini, tamu, alikuwa ameificha wapi? Mawe ya kanisa yakashika kila sauti, yakairudisha taratibu. Bi Heylen akakaa. Akavua miwani.

Mimi nilisimama pembeni na zumari yangu iliyopasuka. Nikalia. Sioni haya. Wimbo ulikuwa mzuri kupita kiasi.

Mwisho watu wakasimama. Bi Heylen akawaambia: Ostend, masika, waje hivyo hivyo, sauti tupu na kile kitabu. Bila chombo hata kimoja. Halafu akauliza nani dereva wao, maana maegesho kule ni ya shida.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya misa padre kamshika Fons mbele ya waumini. Nani kawasha joto, mafuta ya majira yote ya baridi yameisha! Fons kasimama na kofia mkononi, mdomo unacheza, haelewi kitu. Padre akasema basi atatafutwa mtunza mwingine.

Nilikuwa na mpango wa kunyamaza. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini yule mzee akanitazama, hakunishtaki, alinitazama tu kama njiwa wake, na miguu yangu ikasimama bila kuniuliza. Nikasema ni mimi, nikataja yote, hadi blanketi la samaki na koti la Amelberga. Kwa sauti kubwa, mimi sijui kusema kwa sauti ndogo.

 Nyumbani Lutgard kasema: "Kumbe maskini uliyempa koti alikuwa sanamu." Kalala chumba cha wageni.

Hukumu ya padre: Fons abaki kazini, nami nitasafisha banda lake la njiwa mpaka Pasaka. Fons amesema hanichukii. Ila nisibusu tena njiwa wake.

Jumatatu, 24 Novemba

Njiwa wananya kuliko nilivyofikiri.

Casper amekuja bandani, plasta shavuni. Nilidhani amekuja kunipiga. Amekuja na zumari yangu, niliyoisahau kanisani! Kakesha akiiziba ufa kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, ya kupikwa, kama zamani, maana gundi ya dukani anaiona dhambi. Akasema mwizi wa nafasi kama mimi hajawahi kumwona hata Basel. Tukacheka mpaka njiwa wakaruka. Kijana mwema. Nampenda kama mwanangu.

Kanieleza pia kwamba gundi ya namna hiyo ina adui mmoja tu, maji, niikinge na unyevu wa aina yoyote. Alieleza kirefu. Sikufuata yote, maana akili yangu ilikuwa tayari Ostend.

Ukumbi wa Ostend uko ufukweni kabisa! Madirisha makubwa upande wa bahari. Nimeelewa kosa langu lilipokuwa: joto. Mtu mwenye akili angetumia unyevu. Nitafika mapema, mimi ndiye dereva. Nitafungua madirisha yote usiku mzima, ukungu wa bahari uingie, uloweshe kila kitu. Asubuhi waimbaji wote wamekauka sauti, Lutgard wangu pia, masikini, nitampa asali. Bi Heylen anahangaika huku na huku. Na nani atabaki kuokoa tamasha?

Zumari nitailaza dirishani, iwe tayari kwa wito.