Chujio Langu na Nebula Ishirini na Mbili

Emali, Jumatatu, 8 Februari 1988
Mkuu wa shule, Bi. Syokau, ametangaza leo stafurumu. Mkaguzi anakuja Ijumaa jioni. Mwalimu atakayemwonyesha nebula vizuri ndiye atakayepeleka wanafunzi Nairobi kwenye kongamano la sayansi. Nebula, yaani lile wingu la gesi katikati ya nyota za Orioni. Nairobi! Hoteli! Jina langu redioni!

Darubini ninayo, ndogo, niliachiwa na mmishenari. Shida ni taa za malori na vituo vya petroli, zimefanya anga iwe nyeupe kama uji. Kitabu kinasema dawa ni chujio: kioo kinachozuia taa na kupitisha mwanga wa kijani wa nebula. Mbugua wa jiografia tayari anacho, kimetoka Uingereza kwa shemeji yake. Ametuzungusha nacho meza hadi meza na kutukataza kugusa. Majivuno tu!

Jumanne, 9
Nimepata karatasi ya eksirei juu ya kabati. Nikaiinua kuelekea barabarani. Taa zimefifia kabisa! Nikaielekeza angani. Nyota zote zimejipanga juu ya mbavu. Mbavu? Mke wangu Mutindi akatoka, akauliza ninafanya nini na kifua cha mama yake.

Balaa! Mkamba akimwona mama mkwe njiani huingia kichakani kwa heshima. Mimi nimekaa nusu saa nikimkagua mbavu! Mutindi amesema lazima mbuzi wa kuomba radhi apelekwe kwao Matinyani. Nimekubali mbuzi. Chujio hilo halifai.

Jumatano, 10
Kitako cha chupa ya soda, kijani safi. Nimejikata kidole. Sijaona Orioni. Sijaona hata kituo cha petroli. Mbugua ameuliza kidole kimefanya nini. Nimemwambia ni siri ya kisayansi.

Alhamisi, 11
Nimepata! Karatasi ya nailoni ya kijani, iliyofungiwa zawadi kwenye harusi ya jirani yetu Ndululu. Mutindi alikuwa amefunikia chapati. Nikaichomoa polepole, nikaifunga kwa mpira mdomoni mwa darubini.

Jamani! Si Orioni tu. Kila nyota imevaa wingu! Nimehesabu nebula ishirini na tatu. Kitabu kina moja tu upande huo. Maskini mwandishi, hakuwa na chujio zuri.

Ijumaa, 12
USHINDI!

Mbugua alitangulia. Mkaguzi akakodoa macho, akasema anaona kitu kama unga uliomwagika. Mbugua akajibu kwamba ndicho hicho. Watu wakapiga miayo. Zamu yangu. Mkaguzi aliinama, akashika kofia yake, akasema Mungu ni mkubwa! Akauliza kama zote zile ni nebula. Nikamwambia na bado. Akaongeza kwamba darubini yangu inanukia vizuri mno, imemkumbusha nyumbani.

Mbugua alichungulia akadai chujio limejaa mafuta. Mwenye wivu hajifichi. Bi. Syokau alinitangaza mshindi palepale, na wanafunzi wakanibeba juu juu mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Nimefurahi mpaka nimesahau mbuzi.

Jumapili, 14
Nimetoka kanisani nikakuta Mutindi ameosha karatasi yake kwa sabuni. Eti ilikuwa na mafuta ya chapati. Sikubishana, mwanamke na jiko lake. Jioni nikaifunga tena.

Zimekwisha! Limebaki lile wingu la Orioni peke yake, dogo kama la Mbugua. Moyo ulinipasuka. Lakini mwanasayansi halii, mwanasayansi huwaza. Nikawaza. Saa tatu nilikuwa na jibu.

Nimeshawaandikia wenye kongamano kwamba mimi, Mwalimu Kiilu wa Emali, nimeshuhudia nebula ishirini na mbili zikifa kwa siku mbili, jambo ambalo hakuna mtu duniani amewahi kuliona. Nimeomba saa nzima ya kuhutubia. Shahidi wangu nimemwandika Mbugua, maana alizichungulia zikiwa hai.