Mipira Sita ya Tata Kabasele

Jumatatu, 15 Machi 1993
Tata Kabasele, mwalimu wa tenisi, amefukuzwa mkoani kwetu pamoja na Wakasai wenzake wote, eti si wenyeji. Anasubiri treni stesheni, haijulikani itafika lini, amekalia masanduku yake. Tumekuwa majirani miaka tisa. Imeniuma, kusema kweli. Ila nafasi yake iko wazi. Mimi karani tu wa shule, nimemwambia Direkta, mkuu wetu, kwamba tenisi naijua tangu utoto. Jumamosi atawapima watoto kumi. Wakiweza kurudisha mpira, kazi ni yangu, na mfuko wa unga kila mwezi.
Sijawahi kushika raketi.

Jumanne, 16 Machi
Kabasele alikuwa anapoteza muda. Wiki nzima bila raketi: mpira unadunda, mtoto anapiga kofi moja kwa viganja vyake, anaudaka. Kofi! Mimi nimeanza na kupiga kwa nguvu. Mipira sita imeruka ukuta. Minne tumeipata. Watoto wameuliza Tata Kabasele atarudi lini. Nimewaambia wapange mstari.

Jumatano, 17 Machi
Uwanja umepasuka. Ni udongo wa kichuguu, kumbe humwagiwa maji kila asubuhi. Nani angejua? Mke wangu Adolphine anasema kila mtu anajua. Kabasele alipita mlangoni kwetu na ndoo miaka yote tisa.

Alhamisi, 18 Machi
Nimekwenda stesheni kwa siri, na mihogo ya kusalimia. Kabasele hakunitukana. Hilo ndilo lililoniudhi. Amechukua mfuniko wa sufuria, akanifundisha: shika kama unampa mtu mkono, geuka ubavu, ngoja mpira udunde mara moja. Watu wa mizigo wamenicheka, mkewe pia. Akauliza kama Mignonne bado anafumba macho mpira ukija. Sikujua Mignonne ni yupi.

Jumamosi, 20 Machi
Uwanja nimeumwagia maji. Direkta amefika. Watoto hakuna, mipira hakuna. Tumewatafuta, tukawakuta stesheni, wote kumi. Kabasele amesimama kwenye mlango wa behewa, anawarushia. Mpira unadunda, kofi, wanaudaka, wanaurudisha. Mignonne ni yule mdogo mwenye kaptura ya kaka yake. Macho wazi kabisa. Treni ikaondoka na mpira mmoja mkononi mwa Kabasele.
Direkta akasema wamefaulu wote, na mwalimu wao ndiye yule anayekwenda. Nililia. Naandika kwa sababu Adolphine hasomi daftari hili.

Jumapili, 21 Machi
Adolphine amesoma. Ameuliza, we Mukalay, sasa umeelewa? Nimeelewa. Tenisi si kazi yangu.
Lakini mwalimu wa kuogelea naye alikuwa kwenye treni ile. Kesho asubuhi namwona Direkta. Kuogelea naijua tangu utoto.